Miaka Yangu ya Kufunga Viti vya Watoto Ndegeni

Vijana wa kituo chetu mmeniomba niandike yale niliyoyaona kazini, ili wanaoanza wasirudie makosa yangu bali wafanye ya kwao. Nimekubali kwa sababu mbili. Tangu nilipostaafu niko hapa Masama na ng'ombe wawili ambao hawaniulizi swali lolote. Tena siku ya kuniaga mlinipa dakika tatu za kusema neno, na mbili kati ya hizo zikaliwa na kipaza sauti kilichogoma.

Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Nitaandika juu ya kiti cha mtoto, kile cha plastiki chenye mikanda ambacho mzazi huja nacho ili mwanawe asafiri amefungwa badala ya kupakatwa. Katika miaka yangu yote ya uhudumu wa ndege, hakuna kitu kilichoniletea ugomvi mwingi kama hicho, pombe ikiwemo.

Jina langu ni Elinipenda. Aliyetengeneza beji yangu ya kwanza aliliona refu, akaandika ELI tu. Mzee mmoja wa usharika akaisoma, akaniangalia sketi, akaniuliza kama wazazi wangu walinipa jina la kuhani kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Beji haikubadilishwa kamwe. Nilianza kazi nikiwa Dada Eli, nikamaliza nikiwa Mama Eli.

Siku ya kwanza niliripoti uwanjani nimevaa viatu vya dada yangu, vilivyonibana mpaka nikaonekana mtu mwenye majonzi. Nilikabidhiwa kwa Bi Zuhura, mhudumu mkuu, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba abiria waliacha kutafuna ili wamsikie. Nilidhani atanifundisha kumimina chai bila kuimwaga. Akanitazama kuanzia nywele hadi viatu vya dada, akasema, "Mwanangu, kutabasamu utafundishwa na kila mtu. Mimi nitakufundisha mikanda."

Akaniuliza, "Mama ana mtoto wa mwaka mmoja mapajani. Ndege inatua. Utamwambia nini?"

"Amshike vizuri, Bi Zuhura."

"Vizuri kiasi gani?"

"Kwa nguvu zake zote."

Alinichukua hadi kwenye basi dogo lililokuwa likitupeleka na kuturudisha mjini, ambalo dereva wake alikuwa Mushi, mtu wa maneno machache na masikio makubwa. Bi Zuhura alikuwa amenunua mkungu mdogo wa ndizi mshare, kilo kumi hivi, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Akanikalisha kiti cha mbele, kando ya dereva, akanipakata ule mkungu.

"Huyu ndiye mwanao," akasema. "Mshike kwa nguvu zako zote."

Mushi aliponiona na zile ndizi aliguna. "Leo tena, Bi Zuhura?"

"Endesha, Mushi."

Akaendesha mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila haraka. Nilikuwa nimeukumbatia mkungu kama mali ya urithi. Ghafla Bi Zuhura akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Breki," na Mushi akakanyaga. Mimi mkanda ulinizuia. Mwanangu hakuzuiwa na kitu. Alinitoka mikononi kama vile sikuwa na mikono, akagonga kioo, akarudi na kumpiga Mushi sikioni.

"Kwa nini kila mwanafunzi lazima anipige mimi?" Mushi akalalamika.

Bi Zuhura alikusanya ndizi zilizonyofoka, taratibu, moja moja. "Hilo ni basi, tena bovu. Ndege inapogusa ardhi ina kasi mara ngapi ya hii? Sasa niambie tena, utamwambia nini yule mama?"

Zile ndizi tulizipika supu ya mtori mchana ule, wenzangu wakasifu. Mimi niliona tabu kumeza, kwa kuwa tayari nilishazizoea kama mwanangu.

Ninyi wa leo mnajua taratibu, lakini niziseme kwa ajili ya watakaoisoma karatasi hii bila kujua. Mtoto wa chini ya miaka miwili anaruhusiwa kupakatwa, na tunampa mkanda mdogo wa nyongeza unaoshikizwa kwenye ule wa mama. Lakini aliye salama zaidi ni mtoto aliyekaa kwenye kiti chake mwenyewe, kilichofungwa kwenye kiti cha ndege, na kwa hiyo lazima akatiwe tiketi yake. Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. "Nimlipie mtu asiyekula wala kusoma gazeti?" baba mmoja aliniuliza. Nikamjibu kwamba naye amelala tangu tulipopaa bila kula wala kusoma gazeti, na tiketi yake tumeipokea.

Kiti changu cha kwanza kililetwa na wageni waliokuwa wametoka kutembea mbugani na mtoto wa miezi minane. Bi Zuhura alikuwa likizo. Sikuwa nimewahi kukiona kitu kile isipokuwa kwenye picha, lakini kwa kuwa nilikuwa na beji, nilijua kila kitu. Nilikifunga pembeni ya njia ya kupita, ili niweze kumtazama mtoto. Kiti chenyewe kilikuwa cha kutazama nyuma. Nikakigeuza kitazame mbele, nikamweleza mama yule kwa heshima kwamba sasa mtoto ataona vizuri.

Mama alikigeuza tena.

Upande wa dirisha alikaa bwana mmoja mnene wa kiwanda cha sukari, mpole sana. Tulipokuwa hewani alihisi haja. Akatazama kiti cha mtoto kilichomzibia njia, akanitazama mimi, akakitazama tena. Alivuka kwa kupanda juu ya vishikio vya mikono, mguu mmoja Daresalamu na mwingine Dodoma, huku mtoto akimwangalia kutoka chini kwa mshangao mkubwa. Alipomaliza haja yake alikataa kurudi. Alisimama nyuma na sisi, akatusaidia kupanga vikombe, mpaka taa ya mikanda ilipowaka.

Bi Zuhura aliporudi nilimsimulia. Hakucheka. Akaniuliza, "Ulisoma lebo?"

"Kiti kina lebo?"

"Ubavuni, mwanangu. Kila kiti cha kweli kinajieleza chenyewe. Kinasema kama kinaruhusiwa ndegeni, kinabeba mtoto wa kilo ngapi, kinatazama wapi na mkanda unapita tundu lipi. Wewe kazi yako ni kusoma, si kubuni."

Akaniongezea mengine, nami nikayaandika kwenye daftari. Kiti kikae dirishani, kisimzuie mtu kutoka. Kisikae kamwe kwenye safu ya mlango wa dharura wala safu iliyo mbele au nyuma yake. Kiingie kati ya vishikio vya mikono bila kulazimishwa. Tangu siku hiyo nilitembea na futi ya fundi cherehani mfukoni. Abiria wengi walidhani nashona pembeni. Wawili walinipa vitambaa.

Kiti cha akiba tulikipata kwa bahati. Familia moja ya kigeni ilikuwa inahama, mtoto wao amekua, wakatuachia kiti kizima chenye lebo yake. Niliwauliza kama kiliwahi kuwa kwenye gari lililopata ajali, maana kiti kilichogongwa hakiaminiki tena hata kikionekana kipya. Wakasema hapana. Nikakiangalia chini, pale palipochapwa tarehe ya mwisho wa matumizi, nikakuta haijafika. Nikakiweka ofisini kwa furaha. Wiki iliyofuata nilikikuta kimefungwa mikanda yote mitano, na ndani yake limeketi chupa la chai la meneja wa kituo.

"Halianguki kabisa," meneja akanieleza, amefurahi. Nilimwondolea chupa, nikakifuta, nikakipandisha juu ya kabati.

Sasa nifike kwa Mzee Aminieli, maana najua wengi wenu mmesikia habari zake zikiwa zimeongezwa chumvi.

Siku hiyo tulikuwa tunajiandaa kwa safari ya Mwanza ya saa tano asubuhi. Mpokeaji wa mizigo alinipigia simu kutoka kaunta. "Dada Eli, njoo haraka. Kuna kiti hapa, sijui ni cha mtoto au cha askofu."

Nilikwenda. Juu ya mzani wa mizigo kilisimama kiti kizuri kuliko vyote nilivyopata kuviona. Kilikuwa cha mbao ya mringaringa, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, kina mgongo mrefu, vishikio vilivyochongwa majani ya mgomba, na mkanda wa ngozi wenye kifungo cha shaba. Mzani ulisoma kilo kumi na nne. Pembeni yake alisimama mzee mrefu mwenye koti la Jumapili, na binti yake Neema aliyembeba mtoto wa kiume wa mwaka na miezi miwili aitwaye Baraka. Neema alikuwa anamfuata mumewe aliyepata kazi Mwanza, na babu alikuwa anawasindikiza, safari yake ya kwanza ya ndege.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Fundi Aminieli wa Kiboriloni. Mkwe wangu alisema kwenye simu kwamba mtoto amekatiwa nafasi yake, aje na kiti cha usalama. Nikasema, kiti? Mimi nimechonga viti vya madhabahuni, nishindwe na kiti cha mjukuu?"

Nilitoa futi, nikapima. Kilizidi nafasi kwa sentimita tisa. Nilimweleza. Akasema sentimita tisa si neno, atanipa randa niparue vishikio vya ndege.

"Na hakina lebo, baba."

"Lebo hii hapa." Akakigeuza. Nyuma ya mgongo alikuwa amechonga kwa herufi nzuri: FUNDI AMINIELI, KIBORILONI.

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mimi sikucheka, Mungu ni shahidi, ingawa nilijing'ata ulimi.

"Baba, hiyo ni ya fundi. Nataka ya waliokipima. Viti vinavyoruhusiwa ndegeni hufungwa kwenye mtambo, akawekwa mwanasesere ndani, vikagongeshwa ili waone kama vitahimili."

"Mwanasesere amekosa nini?" Mzee akauliza. Kisha akasimama wima. "Sikiliza, binti. Kiti hiki Mchungaji amekiombea juzi, mbele ya washarika. Wewe utakikataa?"

"Sina neno na maombi, baba. Kimeombewa, lakini hakijapimwa."

Hapo alikasirika kweli. Alisema kwa Kichagga maneno ambayo alidhani sitayaelewa, kwa kuwa beji haikusema mimi ni mtoto wa wapi. Nikamjibu kwa Kichagga hicho hicho. Akashtuka. "Kumbe ni wa kwetu," akasema, "halafu ndiye unayenitesa."

Neema alikuwa karibu kulia. "Baba, ndege itatuacha."

Nikaleta kile kiti chetu cha akiba. Mzee alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Ndoo," akasema. "Mmekata ndoo mkaiwekea sponji." Lakini alikubali kiti chake kiende tumboni mwa ndege, baada ya kukifunga mwenyewe kwa blanketi na kumwonyesha mbeba mizigo pa kushika.

Ndani ya ndege, Neema alikaa kiti cha pembeni, Baraka dirishani, na Mzee ng'ambo ya njia, mkabala nao. Nilikifunga kiti mbele ya macho yake. Nilipitisha mkanda wa ndege kwenye tundu lake, nikakikandamiza kwa goti, nikavuta, kisha nikakitikisa.

"Goti la nini?" akauliza.

"Sponji hubonyea, baba. Ukikandamiza kwanza halafu ukavuta, ukitoa uzito mkanda unabaki umekaza."

Alifikiri. "Kama kubana mbao kwenye jiriwa kabla gundi haijakauka."

"Hasa hivyo."

"Hm," akasema. Kwa fundi wa Kiboriloni, hiyo ni pongezi.

Tulipaa vizuri. Tulipokuwa juu, taa ya mikanda ikazimwa, nikaanza kugawa chai. Baraka akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyegundua kwamba chumba kizima kinamsikiliza. Mzee akavumilia kidogo, kisha akamwambia binti yake amtoe. "Mtoto si mfungwa." Neema akamtoa, akampakata, mtoto akanyamaza. Sikuingilia, kwa kuwa taa ilikuwa imezimwa na mtoto naye ni mtu.

Haikupita muda kengele ikalia. Taa ikawaka. Rubani akasema wahudumu warudi kwenye viti vyao mara moja, maana mbele kuna mawingu mabaya. Ilikuwa majira ya masika. Nilisukuma kigari cha chai nyuma, nikakifunga, nikapita haraka nikiangalia mikanda. Nikamkuta Baraka bado yuko mapajani, amesinzia.

"Neema, mrudishe kwenye kiti."

"Ndiyo kwanza amelala, dada."

Mzee akanyoosha mikono yake ng'ambo ya njia. "Nipe mimi. Mikono hii imebeba magogo kutoka msituni. Itashindwa na mtoto?"

"Hapana, baba. Arudi kitini, sasa hivi."

Nikamchukua mwenyewe, nikamweka, nikaanza kufunga. Akaamka. Kilio chake kilijaza ndege. Abiria wa nyuma wakaanza, "Dada, mwache mtoto wa watu!" Mwingine akasema, "Huyu hajazaa huyu." Nilikuwa na watoto watatu wakati huo, lakini haikuwa saa ya kuhesabiana. Kifungo cha kifuani kiligoma mara mbili. Mara ya tatu kikalia, ta!

Na sakafu ikaondoka.

Sijui niseme vipi. Ndege ilishuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani. Ni mimi peke yangu niliyekuwa nimesimama. Niliona dari, nikaigonga kwa bega, kisha nikaanguka kwa mgongo mapajani mwa Mzee Aminieli. Nikahisi mikono yake ikinikumbatia, mikono migumu ya fundi, ikanikaza mpaka pumzi ikanitoka. Nikawaza, nimepona. Kisha ndege ikaruka juu na kushuka mara ya pili, na ile mikono ikafunguka kama mlango usio na komeo. Nikaenda chini, kati ya viti, na mkono wangu wa kushoto ukaenda upande ambao mikono haiendi.

Ilichukua muda mfupi sana, nadhani mfupi kuliko kuisoma aya hii. Ndege ikatulia. Vikombe vilikuwa vinabingirika. Nikiwa sakafuni niligeuza kichwa kutazama dirishani.

Baraka alikuwa kitini mwake. Hakuhama hata upana wa kidole. Alikuwa ameacha kulia kwa sababu ya mshangao, ananitazama mimi chini, kisha akacheka. Alidhani nimefanya yote yale kwa ajili yake.

Mwenzangu alinikalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, karibu na Mzee, akanifunga mkono kwa shali. Mzee alikuwa na uso uliopauka kama majivu. Alikuwa ameitandaza mikono yake juu ya magoti anaitazama, kama zana iliyomharibikia katikati ya kazi.

"Nilikushika, mwanangu," akasema polepole. "Nilikushika kwa nguvu zangu zote."

"Najua, baba. Nilisikia."

"Ukanitoka."

"Nilikutoka."

Akamtazama mjukuu wake. Nikajua ni nini anachokiona, maana mimi mwenyewe nilikuwa nakiona. Neema alikuwa amefunika uso kwa kanga, analia bila sauti, mkono mmoja umeshika mguu wa mtoto.

Nikaona nimsaidie mzee. "Tena mimi ni mzito, baba. Kilo sabini na mbili."

"Hapana," akasema. "Usinifariji. Ningemshika yeye, angenitoka vile vile." Kisha, baada ya kufuta macho kwa leso, akaongeza, "Lakini kilo sabini na mbili ni nyingi, usibishe."

Tukatua Mwanza salama. Abiria yule aliyesema sijazaa alinibebea mkoba mpaka kwenye gari la wagonjwa, akaniomba radhi njia nzima. Mzee hakuondoka mpaka mizigo iliposhushwa. Nami, kwa kuwa gari lilichelewa kidogo, nilishuhudia. Masanduku mawili yalikuwa yamepasuka. Katoni ya mtu ya parachichi ilikuwa imekuwa uji. Kile kiti cha mringaringa kikatoka ndani ya blanketi lake hakina hata mkwaruzo.

Mzee alikizunguka mara mbili. Akanitazama na mkono wangu uliofungwa shali. Nilijua anachotaka kusema.

"Sema tu, baba," nikamwambia.

"Sisemi kitu," akajibu. "Ila umeona mwenyewe."

Nilifungwa hogo la plasta, nikakaa nyumbani Masama majuma sita. Mzee Aminieli alikuja kuniona, akapanda mlima mpaka kwetu na mkungu wa ndizi begani. Mume wangu alimkaribisha mtori, wakazungumza juu ya mbao. Alipokuwa anaondoka akaniuliza maswali mengi kuhusu lebo, mkanda, uzito wa mtoto, na kwa nini mtoto mchanga atazame nyuma. Nikamweleza kwamba shingo yake haijakomaa, na akitazama nyuma mgongo wote wa kiti unampokea kwa pamoja. Alisikiliza kama mtu anayepewa vipimo vya kabati.

Nilidhani ni adabu tu. Lakini miezi iliyofuata walianza kufika kaunta wazazi kutoka Kiboriloni na vijiji vya juu, wamebeba viti vya plastiki, wengine vya kuazima, na kabla hatujafungua mdomo wanavigeuza ubavu kutuonyesha. "Fundi alisema mtauliza lebo," walisema. Kumbe kila aliyekwenda kwake kuagiza kiti cha mtoto cha kulia chakula alihubiriwa kwanza. Mteja mmoja aliniambia mahubiri yenyewe huchukua nusu saa, na ndani yake mimi nina kilo tisini.

Baada ya mkono ule sikurudi hewani sana. Nikawa mkufunzi wa huku ardhini, na mnanijua kuanzia hapo. Kesi zilikuwa bado zinaniita kaunta. Kulikuwa na mama mfanyabiashara wa Holili aliyemkatia mwanawe tiketi, akaleta kiti kizuri chenye lebo zote, nikampongeza mbele za watu. Nilipoingia ndani kukagua nikakuta kwenye kiti imefungwa keki ya kipaimara ya ghorofa tatu, mikanda yote mitano, na mtoto yuko mapajani.

"Mama, mbona hivi?"

Akanitazama kama mtu asiyejua maisha. "Dada, mtoto akianguka anainuka. Keki haiinuki."

Tuliibeba keki ikasafiri kwenye kabati la chakula, peke yake, na mhudumu mmoja akaapa kwamba hataionja. Kiapo hicho sikukichunguza.

Bi Zuhura alikuwa ameshastaafu na kurudi Tanga. Nilimpigia simu kumsimulia habari ya keki. Nikamsikia anacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti, na kilikuwa kicheko kikubwa cha kushtua. Sasa ni marehemu. Nashukuru niliwahi kukisikia.

Nami nikastaafu. Mwezi uliopita binti yangu wa Daresalamu aliniomba nimpelekee mwanawe, Aneth, wa mwaka mmoja na nusu, aliyekuwa amekaa kwangu tangu sikukuu. Tukakata tiketi mbili. Niliingia ndegeni wa kwanza, nikakifunga kiti chake dirishani kwa mikono yangu, nikamweka mtoto, nikakaa kando yake nikiwa nimekunja mikono, nasubiri mtu wa kusifu.

Akaja Rehema, mmoja wa mabinti wa mwisho niliowafundisha.

"Shikamoo, Mama Eli."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama." Akainama, akakishika kiti, akakitikisa. Akakohoa kidogo. "Mama, samahani. Mkanda umeupitisha tundu la kutazama nyuma. Na kiti kinatazama mbele."

"Haiwezekani."

"Angalia, mama."

Sikuangalia. Nikamwambia kwamba nilikuwa nafunga viti hivi kabla mama yake hajamzaa, na kwamba mkono wangu wa kushoto unauma wakati wa mvua kwa ajili ya kazi hiyo. Bwana mmoja nyuma yangu akadakia, "Dada, mwache mama wa watu. Anaonekana anajua."

Rehema hakuinua sauti wala hakurudi nyuma. Masikio yalikuwa yamemwiva, akasimama pale pale, ameshika kile kiti. "Najua kwamba anajua," akasema. "Mama Eli, naomba usimame kidogo."

Hapo nikainama nikaangalia. Tundu la bluu ni la kutazama nyuma, jekundu la kutazama mbele. Mkanda wangu ulikuwa kwenye la bluu, umekaa vizuri kabisa, mahali pasipofaa.

Nikasimama. Nikamtoa Aneth, nikamgeukia yule bwana, nikamwambia, "Baba, nyamaza. Anayejua ni huyu."

Rehema alifungua, akapitisha upya, akaweka goti, akavuta, akatikisa. Hakikusogea. Nilipomrudisha kitini, Aneth alimpa biskuti iliyolowa mate, naye akaipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa. Nilikaa nikiwa na aibu nyingi na furaha nyingi zaidi, nikitafuta neno kubwa la kumwambia, neno la mkufunzi kwa mwanafunzi.

Sikuwahi. Alikuwa ameshaninyooshea kidole tumboni.

"Na wako pia, mama. Hujaufunga."

Nikaufunga.